"Set": neno la herufi tatu lililonikwamisha kwenye ukurasa mmoja

Mfasiri wa Uluguru anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikifasiri nyaraka za kiufundi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa miaka kadhaa, na sikuwahi kudhani kwamba ipo siku neno la herufi tatu lingenikosesha usingizi. Wiki mbili zilizopita nilipewa kijitabu cha mafunzo ya ujenzi na useremala chenye kurasa 40 tu, nikajipa siku nne za kukimaliza, nikaenda vizuri bila kikwazo hadi nilipofika ukurasa wa 17. Katika ukurasa huo neno "set" limetumika mara saba, na kila nilipodhani nimelipatia neno lake la Kiswahili, sentensi iliyofuata ililikataa.

Naomba niwaeleze ukurasa wenyewe ulivyo, kwa sababu bila kuuona shida yangu itaonekana ndogo. Kichwa cha habari ni "setting out", nacho kinahusu kazi ya kupima kiwanja na kufunga kamba kabla ya kuchimba msingi. Mstari wa kwanza unamtaka mwanafunzi awe na "a set of pegs", unaofuata unamwambia "set" vigingi hivyo ardhini, na wa tatu unamwonya asivisogeze tena vikisha kuwa "set". Aya ya pili inahamia kwenye zege na kusema "allow the concrete to set", kisha inaongeza kwamba mbao za kufungia zege zisiondolewe kabla ya muda ambao mhandisi ame-"set". Chini kabisa, ndani ya kisanduku, kuna maelekezo kwa seremala jinsi ya "set" meno ya msumeno.

Katika rasimu ya kwanza nilitumia "weka" kila mahali, kwa kuwa ndiyo maana ya kwanza katika kamusi niliyo nayo. Nilipompa msimamizi mmoja wa ujenzi asome, alicheka kwenye sentensi ya zege, akaniuliza ikiwa zege limekwisha kumwagwa na kusawazishwa, ni nani tena anayesubiriwa aje kuliweka. Nikaibadilisha ikawa "acha zege likauke", naye akasema hilo ni kosa baya kuliko la kwanza, akapanda pikipiki yake na kuondoka bila kunieleza kwa nini.

Maswali yangu basi ni mawili. Je, maana hizi zote zina mzizi mmoja ambao mfasiri anaweza kuushika, au ni maneno tofauti yaliyokutana kwa bahati katika tahajia moja? Na zege nilifanyeje?

Mwalimu Mstaafu, Tanga, anajibu:

Ndugu Mfasiri, pole na kazi. Neno lililokusimamisha limewasimamisha wengi kabla yako, wakiwemo wenye lugha wenyewe. Katika toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika majuzuu 20, kitenzi "set" ndicho kilichokuwa na maelezo marefu kuliko neno lingine lolote: maana 430, zilizochukua takriban maneno 60,000, ambayo ni kiasi cha kitabu kizima. Wahariri walipopitia upya sehemu ya herufi R, ikatangazwa mwaka 2011 kwamba kitenzi "run" kimelipita kwa kufikisha maana 645. Kwa hiyo mshindani wako si wa kwanza tena, lakini bado ana mwili.

Wingi huo usikutishe, kwa maana ipo njia ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuipita kwa urahisi kuliko hata Mwingereza mwenyewe. Sisi tunajua kwamba kutokana na "keti" tunapata "ketisha", kutokana na "lala" tunapata "laza", na kutokana na "anguka" tunapata "angusha". Yaani tunakichukua kitenzi cha mtu anayefanya jambo mwenyewe, tunakigeuza kidogo mwishoni, nacho kinakuwa kitenzi cha kumfanya mwingine alifanye. Kiingereza cha kale na ndugu zake wa Kijerumani walikuwa na utaratibu huohuo, isipokuwa wao waligeuza irabu ya katikati badala ya mwisho wa neno. "Sit" ni kuketi, na "set" ni kuketisha. "Lie" ni kulala, na "lay" ni kulaza. "Fall" ni kuanguka, na "fell", lile la wakata miti, ni kuangusha. Wajerumani wanaendelea kuzitofautisha jozi hizi waziwazi, maana kwao kuketi ni "sitzen" na kuketisha ni "setzen". Waingereza wa leo wamesahau kabisa kwamba waliwahi kuwa na kauli ya kutendesha, na ndiyo sababu watoto wao wanapata taabu ya kutofautisha "lie" na "lay" hadi uzeeni.

Ukishalielewa hilo, acha kujiuliza "set" ni nini, ujiulize ni kitu gani kinachoketishwa na kiti chake kiko wapi. Kiti cha kito ni pete, nasi tunasema kukipachika. Kiti cha mfupa uliovunjika ni pale ulipokuwa kabla ya kuvunjika, nasi tunasema kuuunga. Mtego hukalishwa mahali mnyama atakapopita, nasi tunautega. Kuku huketishwa juu ya mayai, nasi tunamwatamisha, na hapa Kiingereza chenyewe huchanganyikiwa, kwa kuwa baadhi ya watu humwita kuku huyo "sitting hen" na wengine "setting hen". Mtihani tunautunga, meza tunaiandaa, tarehe tunaipanga. Kiswahili hakikuona sababu ya kuyafungia mambo haya yote katika furushi moja. Kila kitu kimepewa kitenzi chake kulingana na mkono unavyokishughulikia, na huo ni utajiri, ingawa kwa mfasiri ni utajiri unaotoa jasho.

Nitaongeza jambo moja ambalo si la ukurasa wako, lakini nalipenda mno kulinyamazia. Kwa nini jua nalo "sets"? Katika Kiingereza cha kale machweo yaliitwa "setlgang", na "setl" maana yake ni kiti, kwa hiyo jua lilikuwa likienda kitini pake. Sisi tunasema jua linatua, kama ndege anavyotua juu ya tawi na mchukuzi anavyotua mzigo kichwani. Mataifa mawili ambayo hayakuwa yakijuana yaliangalia upande mmoja wa mbingu jioni, yakaona msafiri anayepumzika.

Angalizo la mwisho ni la kisarufi. Kitenzi hiki hakibadiliki katika wakati uliopita, kwa hiyo "they set the pegs" inaweza kuwa ya kila siku au ya jana. Usiifasiri sentensi ya namna hiyo kabla hujasoma ile iliyoitangulia.

Fundi wa Nyakato anajibu:

Shikamoo Mwalimu. Ndugu Mfasiri, mimi si mtu wa lugha, lakini nimemwaga zege kwa miaka 19 na ninaweza kukueleza kwa nini yule msimamizi alipanda pikipiki.

Zege halikauki, bali linashika. Huo si ubishi wa maneno. Saruji ikikutana na maji, vitu hivyo viwili vinaungana na kutengeneza kitu cha tatu ambacho ni kigumu, na muungano huo unatoa joto ambalo ukiweka kiganja juu ya zege nene la jana unalisikia. Maji hayo hayaondoki kwenda hewani kama maji ya nguo iliyoanikwa. Sehemu kubwa yake inabaki ndani na kuwa sehemu ya lile jiwe jipya. Ndiyo maana zege linashika hata chini ya maji, na nguzo za daraja zinaweza kumwagwa ziwani. Likikaushwa na jua kabla halijamaliza kazi hiyo, linapasuka juu na halifikii nguvu yake kamili. Kwa hiyo, mwanafunzi akisoma "acha zege likauke", atafanya nini? Ataliacha juani bila kulimwagilia maji, na atakuwa ametii kitabu chako.

Liangalie zege lenyewe utaona hatua zake. Dakika za mwanzo linang'aa kwa maji yaliyopanda juu. Baadaye ule mng'ao unapotea, ukibonyeza kwa kidole gumba alama inabaki lakini kidole hakizami. Hapo limeanza kushika, na yeyote atakayelivuruga atakuwa ameliharibu. Baada ya saa kadhaa kidole hakiachi alama tena, nasi tunasema limeshika. Lakini kushika si kukomaa. Linaendelea kupata nguvu siku hadi siku, ndiyo maana tunalimwagilia au kulifunika kwa magunia yenye maji kwa siku 7 hivi, na wahandisi wanalipima nguvu yake baada ya siku 28. Nimeambiwa na mhandisi mmoja kwamba Kiingereza nacho kinatenganisha hatua hizi: "set" ni ile ya kwanza, na ile ya pili inaitwa "harden". Ukizichanganya katika kitabu, mtu atavua mbao siku ya pili kwa kuwa zege "limeshika", na slabu itamwangukia.

Kuhusu msumeno, unaoitwa "set" ni ule mpangilio wa meno ambapo jino moja linainamishwa kidogo kushoto na linalofuata kidogo kulia, hadi mwisho. Lengo ni njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa la msumeno, ili bapa lisibanwe na ubao, hasa ubao mbichi. Usiandike "weka meno", kwa sababu mtu atadhani msumeno ulikuja kibogoyo.

Na "setting out", sisi hapa tunaiita tu kuseti msingi. Unapiga vigingi vinne, unafunga kamba, kisha unahakikisha kona iko sawa kwa kupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na ukiunganisha ncha hizo mbili lazima upate futi 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, kona imepinda, na nyumba nzima itapinda nayo.

Msomi wa Nakuru anajibu:

Ndugu Mfasiri, nimefurahia majibu mawili yaliyotangulia, ila ninamwomba Mwalimu aniwie radhi nikiipinga sehemu ya nadharia yake.

Shuleni tulifundishwa kuyaita maneno ya aina hii vitawe, na mfano ambao kila mwalimu wa Kenya huutoa ni "kaa": kaa la moto, kaa wa baharini, na kaa lenye maana ya kuketi. Hakuna anayedai kwamba kaa wa baharini aliitwa hivyo kwa sababu anaketi. Ni maneno tofauti yaliyokutana. Lakini nguo ikimkaa mtu vizuri, au mtu akikaa Kisumu kwa miaka kumi, hapo tunalo neno moja lililotanua matawi. Swali lako la kwanza, kwa hiyo, haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" au "la" bila kutazama kila tawi limeota kutoka shina lipi.

Katika "set", kitenzi na nomino havina asili moja. Kitenzi ni kile alichokieleza Mwalimu. Nomino yenye maana ya kundi la vitu au watu wanaokwenda pamoja, kama vile vigingi katika ukurasa wako, ilipitia Kifaransa cha kale, "sette", na chimbuko lake ni neno la Kilatini "secta", yaani wafuasi wa mtu au wa njia fulani. Ndilo lililowapa Waingereza pia neno la kuitia madhehebu. Nomino hiyo ilipofika Uingereza ilikikuta kitenzi kinachofanana nayo kwa sauti, na kwa kuwa vitu vinavyokwenda pamoja aghalabu hupangwa pamoja, watu wakaviona kuwa ni kimoja. Mito miwili ilikutana, na leo huwezi kuyatenga maji yake. Hata hivyo mfasiri anafaidika kujua, kwa maana "a set of pegs" haina uhusiano wowote na kuketisha. Ni seti ya vigingi, basi.

Nalo neno "seti" ni letu sasa. Tunasema seti ya vikombe, seti ya voliboli inayokwisha kwa pointi 25, na katika hisabati tunazo seti na seti tupu. Jambo linalonivutia ni kwamba Georg Cantor, Mjerumani aliyeijenga nadharia ya seti katika karne ya 19, hakutumia kabisa neno linalohusiana na "set"; yeye aliandika "Menge", ambalo katika mazungumzo ya kawaida ni wingi au umati wa watu. Kiingereza kilichagua neno lake, nasi tukalikopa kutoka Kiingereza. Kitenzi tulichokopa ni chembamba zaidi: tunaseti saa, tunaseti simu, tunaseti nywele saluni, na sasa nimejifunza kwamba huko Mwanza mnaseti msingi. Hakuna anayesema ameseti mtego au ameseti mtihani, kwa kuwa vitenzi vya kazi hizo tulikuwa navyo tangu zamani.

Pingamizi langu hasa ni hili. Ikiwa "set" ni kuketisha, Mwalimu atueleze "set out" na "set off", ambazo maana yake ni kufunga safari. Atueleze pia "set fire" na "set free". Mtu anayeanza safari hakuketi, ameinuka. Nyumba inayowashwa moto haikutulizwa. Mfungwa aliyeachiwa huru ndiye hasa aliyetolewa pale alipoketishwa. Nadharia inayomwona jua akipumzika kitini ni nzuri, lakini inapofika kwenye mambo haya inakwama mlangoni.

Baharia wa Unguja anajibu:

Assalamu alaykum. Huenda bahari ikawasaidia hapo mlangoni.

Katika vitabu vya uanamaji vya Kiingereza, neno "set" lina maana ambayo hakuna aliyeitaja hapa, nayo ni upande ambao mkondo wa maji unaelekea. Mkondo wa pwani yetu, kwa mfano, unaelekea kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi; Mwingereza anasema mkondo huo "sets to the north". Kasi yake ina jina lingine, "drift", na nahodha anayepanga njia lazima avijue vyote viwili, kwa sababu ukiujua mwendo wa mkondo bila kujua unaelekea wapi hujajua kitu. Mkondo haukuketi hata dakika moja, lakini umeelekezwa upande wake kana kwamba kuna aliyeupangia.

Tanga ni vivyo hivyo. Tunapotweka foromali, yaani boriti inayobeba tanga, na kuifunga demani, yaani kamba ya kulishikilia tanga, hatulituliza jahazi, tunalikabidhi kwa upepo. Lakini tanga lenyewe limewekwa katika mkao mmoja dhidi ya upepo, nao ndio unaotupeleka. Nionavyo mimi, anayesafiri kwa Kiingereza anajiweka katika njia, na njia ndiyo inayomchukua. Sisi tunasema "ameshika njia", naye Fundi ameshasema kwamba zege limeshika. Sijui kama ni sadfa, ila mkono ni mmoja.

Dada wa Leicester anajibu:

Naomba nichangie kidogo tu kutoka huku niliko. Nilipofika Uingereza nikaanza kazi katika nyumba ya wazee, siku ya pili niliombwa kwa upole, "Could you set the table?" Nikaikamata meza, nikaisogeza hadi ikalingana na ukuta, nikaitikisa kuhakikisha haichezi, nikasimama pembeni kwa fahari. Msimamizi aliitazama meza, akanitazama mimi, kisha akafungua droo ya visu na uma bila kusema neno.

Bibi mmoja aliyekuwa akishuhudia aliniita nikae karibu naye, akaniambia nisijali, kwamba hata yeye ana miaka 80 na ushee na ni "set in my ways". Nilidhani anazungumzia njia za kutembelea. Alikuwa akisema kwamba tabia zake zimeshaganda na hazibadiliki tena, kama vile mtindi unavyoganda. Kwa hiyo, Fundi, hata watu huku hushika kama zege lako.

Jambo ambalo msikilizaji mgeni anapaswa kulijua ni kwamba mhudumu wa dukani akikuuliza "All set?" hataki kujua chochote kuhusu mpangilio wa vitu. Anauliza kama uko tayari au kama umeshahudumiwa, na jibu ni "ndiyo, asante".

Mwalimu Mstaafu, Tanga, anajibu:

Marahaba, Fundi. Na wewe Msomi wa Nakuru, sina kinyongo na pingamizi lako. La nomino nalikubali lote, na nilipaswa kulitaja mwenyewe.

Kuhusu "set out" na wenzake, Baharia amenitangulia kwa mfano bora kuliko ambao ningeutoa. Kitu kinachoketishwa mahali pake huwa kimepewa pia hali yake na uelekeo wake, na kadiri karne zilivyopita, uelekeo ukawa mzito kuliko kiti. "Set free" ni kumweka mtu katika hali ya uhuru, na "set on fire" ni kukiweka kitu katika hali ya kuwaka. Kuketisha kumebaki mifupa tu, na nyama yote imebebwa na neno linalofuata. Hapo ndipo mfasiri anapotegwa, kwa kuwa anakodolea macho "set" ilhali maana imehamia kwa jirani. Sisi tuna kitenzi chenye tabia hiyohiyo, nacho ni "piga". Katika kupiga pasi, kupiga simu, kupiga deki na kupiga kura, hakuna kinachopigwa. Mzungu anayejifunza Kiswahili akishika kamusi na kufasiri kila "piga" kwa kipigo, atatuona taifa la wagomvi.

Kwa hiyo nadharia yangu inafaa kwa vigingi na kito na kuku wa mayai. Kwa safari na moto, nakubali kwamba imechakaa.

Mfasiri wa Uluguru anarejea:

Nawashukuru nyote, na zaidi Fundi, kwa sababu kama si yeye kitabu kingetoka na kosa ambalo lingeweza kumuumiza mtu. Nimekaa tangu alfajiri nikiuandika upya ukurasa wa 17, na nimeamua kuacha kulifuata neno, nikafuata kazi inayofanywa. Haya ndiyo niliyofikia, nikiomba mniambie penye kasoro.

Kichwa cha habari nimekiita "Kupima na kuseti msingi", nikijua kwamba wahariri wengine watalinunia neno "kuseti", lakini ndilo mwanafunzi atakalolikuta siku ya kwanza kazini. Mstari wa vigingi unasema: "Uwe na seti ya vigingi visivyopungua vinane. Simika vigingi ardhini kwa nyundo, na vikishasimikwa usivisogeze." Aya ya zege inasema: "Subiri zege lishike. Zege lililoshika bado halijakomaa. Limwagilie maji, na usiondoe mbao kabla ya muda uliopangwa na mhandisi." Sentensi ya kukomaa haimo katika Kiingereza, lakini nimemwomba mwenye kitabu ruhusa ya kuiongeza, naye amekubali baada ya kumsomea maelezo ya siku 7 na siku 28. Kisanduku cha seremala kinasema: "Inamisha meno ya msumeno kwa zamu, moja kushoto na moja kulia, ili njia ya kukatia iwe pana kuliko bapa."

Neno moja la Kiingereza limenizalia vitenzi vitano na nomino moja. Nilipomwonyesha yule msimamizi wa ujenzi, safari hii hakucheka. Aliusoma ukurasa wote akiwa amesimama, akaweka alama ya kalamu mahali pamoja tu, kwenye "simika", bila kuandika chochote.

Fundi wa Nyakato anajibu:

Zege sasa liko sawa. Hiyo alama ya kalamu naielewa. Nguzo ya umeme tunaisimika, na mlango tunausimika, maana tunavisimamisha vionekane. Kigingi unakikita. Kikigongwa kikaingia na hakichezi tena, kimekita, na hapo huna haja ya kumwambia mtu asikisogeze, kwa sababu akijaribu atakuta hakitoki. Andika "kita vigingi ardhini hadi visicheze", kisha uhamie ukurasa wa 18.